Waliokulia Tabora: nani mwingine alipenda kusoma kwa sababu ya kelele za maktaba?

Mtoto wa Isevya (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Wiki hii kwenye kundi la wazazi wa darasa la mwanangu umezuka ubishi. Mama mmoja alimpeleka mtoto maktaba Jumamosi, akarudi analalamika: watoto wanasoma kwa sauti, wanabishana, wanacheka, "yaani fujo tupu". Wazazi wakamdaka, kila mmoja anaongeza lake. Maktaba ni kimya. Mtoto asiyeweza kunyamaza abaki nyumbani. Nikaandika mistari miwili ya kupinga, nikajibiwa kwa stika ya kidole gumba, nikajua pale hapana mjadala. Nimekuja huku kwa watu wanaosoma.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kupinga wajipange. Mtoto wa darasa la kwanza mpaka la nne, maktaba ya kimya inamfukuza, ya kelele inamshika. Nazungumzia kelele za vitabu, za mpira zina uwanja wake. Na anayesema haya alikuwa mtoto wa kuchukia kelele kuliko wote mtaani kwetu.

Tulikaa Isevya, Tabora mjini, miaka ya 90. Baba alikuwa mtu wa reli. Nyumba ya kupanga, vyumba vinatazamana, korido moja, redio za wapangaji zinashindana, mtoto mchanga chumba cha pili, fundi cherehani barazani. Ukitaka kusoma unakwenda nyuma ya choo. Dada yangu mkubwa, wakati huo yuko sekondari, akanihurumia. Akaniambia kuna mahali hata inzi akitua unamsikia. Kumbe alikuwa anasifia ukumbi wa wakubwa, anakopigia msuli yeye. Mimi wa darasa la pili nikafikishwa chumba cha watoto, akaniacha hapo, akaenda zake.

Aisee. Mikeka imetandikwa chini, watoto wamelala kifudifudi, vichwa vinne kwenye kitabu kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wanafuata kwa macho. Akifika mwisho wa ukurasa, waliomaliza wanapiga kelele "Geuza!" na wasiomaliza wanajibu "Bado!" Geuza, bado, geuza, bado, na mikeka ya namna hiyo iko kadhaa, kila mkeka na kitabu chake. Dirishani wawili wanagombania atlasi. Kuna katoto ka chekechea kanajisomea picha kwa kutunga maneno yake kenyewe, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nikarudi mlangoni kutafuta ndala zangu.

Mama Maktaba (hatukumjua kwa jina jingine) akaniwahi. Hakunibembeleza wala hakunisukuma kwenye mkeka. Alinionyesha nafasi kati ya rafu ya mwisho na ukuta, akanipa kitabu chembamba, akasema, "Kaa hapo, baba. Ukitaka kutoka utatoka."

Nilikaa pale kwa muda mrefu sana. Ila sikio halina kifuniko. Upande wa pili wa rafu kulikuwa na mkeka wa wasichana wa darasa la nne, na hadithi zao zilinifikia vipande vipande. Sungura yuko kisimani, ndoo inashuka, fisi anachungulia, halafu muda wa kufunga ukafika, kitabu kikarudi kwenye rafu, na mimi sijui fisi kafanya nini. Kesho yake nikakitafuta, nikakipata, na maneno yake marefu yakanishinda. Ikabidi niwaendee wenyewe. Nikajisogeza pembeni ya mkeka, nusu nimekaa sakafuni.

Hapo ndipo nilipojua thamani ya ile "bado". Mama Maktaba alikuwa na sheria: ukurasa haugeuzwi mpaka wa mwisho amalize, na anayemcheka aliyesema bado anatoka nje. Shuleni nilikuwa simalizi kusoma ubao kabla mwalimu hajafuta. Pale nina haki ya kuwasimamisha wasichana wa darasa la nne kwa neno moja! Nilianza kulisema kwa kunong'ona. Baadaye nikawa nalipaza na mimi, tena wakati mwingine nimeshamaliza zamani, najipa raha tu.

Sheria nyingine: kelele za kitabu ndani, kelele za mtaani nje kwenye mwembe. Mkibishana yaliyomo kitabuni, bishaneni mpaka mkauke koo. Mkianza nani kamuibia nani goroli, mwembe ule pale. Na Tabora mwembe hautafutwi.

Wale wa atlasi nao niwaelezee. Mmoja kwao Mwanza, mwenzake mama yake Muha wa Kigoma, ugomvi ni ziwa la nani kubwa. Wa Mwanza anasema Victoria ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, Afrika nzima hakuna ziwa linaloifikia. Wa Kigoma anajibu: hilo bwawa, kina chake hakifiki hata mita 100, Tanganyika inashuka mita 1,470 na kwa urefu inapita kilomita 670. Sauti zikapanda. Mama Maktaba hakusema "shhh". Alikwenda kwenye rafu akaleta kitabu kingine, akawafungulia ukurasa, akaondoka. Wakakuta ziwa lenye kina kuliko yote duniani ni Baikal la Urusi. Wa Kigoma alinuna. Lakini chumba kizima tulikuwa tumejipanga nyuma ya ile atlasi, tunatafuta Urusi iko wapi, na mimi nimo, nimeacha ukuta wangu bila mtu kuniita.

Kusoma kimya nilikuja kujifunza ndani ya kelele zilezile. Siwezi kutaja siku. Nilikuta tu nimelala kwenye mkeka na kitabu changu peke yangu, geuza na bado zinapita juu ya kichwa na hazinigusi. Mpaka leo nikipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu, jirani anapigia hesabu madumu ya mawese, mwingine anagombana na simu, mimi kurasa zinakwenda. Wenzangu waliofundishwa kusoma kwenye kimya tu wakisikia mlango unagongwa wanafunga kitabu.

Waliopita vyumba vya namna ile, Tabora au kwingine, njooni mseme. Na wa kupinga karibuni.

Mwisho wa Reli KGM

Huyo mtoto wa Kigoma alionewa. Wa pili duniani, wa kwanza Afrika, bado mlitaka nini? Uzi umenoga, navuta kigoda.

Msuli Mnene

Umeandika vizuri mkuu, ila mimi napinga.

Nilifanya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye mji mmoja wa kanda hii hii, sitautaja. Nyumbani tulikuwa chumba kimoja na wadogo zangu. Maktaba ndiyo ilikuwa dawati langu, taa yangu na feni yangu. Asubuhi nasoma fizikia safi kabisa. Watoto wakitoka shule mchana, basi, kwangu siku imekwisha. Chumba chao na ukumbi wetu vilitenganishwa na ubao wa silingi bodi ambao hata kikohozi unapitisha. Nikisoma sentensi moja narudia mara tatu.

Na msiniambie nilikuwa na nongwa. Wanasaikolojia wamelipima hili kwa miaka mingi: sauti inayomvuruga msomaji zaidi ni maneno anayoyaelewa. Feni ikiunguruma siku nzima unaizoea. Mtu akisimulia hadithi jirani yako kwa Kiswahili safi, akili inamfuata yeye, utake usitake. Mleta uzi mwenyewe kakiri: alikaa nyuma ya rafu na kitabu mkononi, huku anasikiliza sungura wa watu wengine. Sasa weka hapo kijana wa mtihani wa taifa.

Mtoto wa miaka 8 ana miaka kumi ya kupenda vitabu. Mimi nilikuwa na miezi mitatu.

Wa Ujiji

Nyote wawili mmesahau sisi wengine tulipojulia herufi. Chuoni kwa ustadhi. Watoto hata hamsini, kila mtu na juzuu yake, kila mtu mahali pake, wote mnasoma kwa sauti ya juu kwa wakati mmoja. Mpita njia haelewi kitu. Ustadhi kaegemea ukuta, macho kafumba, unadhani kalala. Wewe kosea irabu moja, utasikia unaitwa jina.

Nani alituambia tunyamaze tusome? Ukinyamaza pale fimbo inakuja, maana mwenye kunyamaza ndiye asiyesoma.

Mseminari Mstaafu

Wa Ujiji, na huku kwetu yapo. Agustino wa Hippo, yule mtakatifu, aliandika jinsi alivyomkuta askofu Ambrosio wa Milano anasoma: macho yanatembea kwenye kurasa, ulimi umetulia, sauti hakuna. Ilikuwa karne ya 4, na aliona ni jambo la kuandikwa, akaanza hata kukisia sababu, labda anatunza koo lake, labda anakwepa kuulizwa maswali. Sisemi kwamba hakuna mtu mwingine aliyejua kusoma kimya wakati ule, walikuwepo. Lakini kusoma kwa sauti ndiyo ilikuwa kawaida ya watu.

Sisi wa seminari ya Kipalapala, Tabora, tulikuwa na kiwanda cha uchapaji cha misheni jirani. Karatasi ikitoka mashineni, wa kwanza kuisoma anaisoma kwa sauti na mwenzake anafuata kwa kalamu kwenye nakala ya asili. Ukisahihisha kimya, macho yanaruka kosa. Masikio hayaruki.

Msuli Mnene

Padre, mimi sikuwa nasahihisha gazeti, nilikuwa nakokotoa.

Mseminari Mstaafu

Mimi si padre, niliacha. Nina wajukuu.

Mzee wa Urambo

Vijana wangu, hamjambo. Niongeze la kwetu.

Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa kijana wa kufundisha kisomo huku Urambo, ndiye niliyepewa redio ya kikundi niitunze, na betri zake nizihesabu jioni. Watu kama milioni 2 nchi nzima walijiunga na vikundi hivyo. Utaratibu: siku ya kipindi mnakutana, mnasikiliza redio, kisha mmoja anayejua kusoma anafungua kitabu cha kampeni na kukisoma kwa sauti, halafu mjadala. Kitabu kilikuwa cha malaria, kuhara, kichocho, maji ya kunywa, choo.

Sasa ninyi mnazungumzia kelele! Siku ya somo la choo, wazee walibishana mpaka jua likazama. Mama mmoja aliomba aya ileile isomwe tena na tena, kila ikisomwa anamgeukia mumewe. Mume mwishowe akanyanyuka, akasema atachimba, basi isisomwe tena. Na alichimba.

Wengi wa watu wale walikuwa bado wanajikongoja kwenye herufi. Waliusikia ukurasa kabla ya kuuona. Wakija kukishika kile kitabu wenyewe, wanakuta sentensi wanazozijua, wanazifuata kwa kidole. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo na sijaona njia inayoipita hiyo.

Mtoto wa Isevya

Shikamoo mzee. Hiyo ya kuusikia ukurasa kabla ya kuuona ndiyo nilikuwa naitafuta. Yule fisi nilimsikia wiki nzima kabla sijaweza kumsoma.

Mwisho wa Reli KGM

Fisi alifanya nini sasa? Umetuacha kisimani.

Mtoto wa Isevya

Aliambiwa chini kuna jibini, akaingia kwenye ndoo ya juu, uzito wake ukampandisha sungura. Walipopishana katikati sungura akamuaga fisi, akaenda zake.

Mkutubi Mtulivu

Habari zenu. Nimesoma ukutubi Bagamoyo na nimefanya kazi hii mikoa zaidi ya mmoja. Nizungumzie upande wa nyuma ya kaunta, maana hapa kila mtu anamlaumu mtu wa kaunta, wa kelele na wa kimya.

Huduma ya maktaba za umma kwetu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Sheria inayotumika ni Namba 6 ya 1975, ndiyo iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba tunayoijua. Kazi ni kuhudumia umma. Umma ni mtoto wa mkeka na ni Msuli Mnene na fizikia yake, wote wawili wana haki sawa mbele yangu, na mara nyingi nina paa moja la kuwawekea.

Kwenye mafunzo tulisoma kanuni tano za Ranganathan, yule Mhindi, alizitoa mwaka 1931. Vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Zisomeni mara mbili, hakuna inayosema nyamaza. Kimya tulikiweka sisi kwa sababu ya ukumbi mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza, ugomvi wenu ni wa jengo na ratiba. Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati bila dari vinarudisha sauti yote. Tandika mikeka na mazulia, tundika mapazia, ukuta wa katikati uupange rafu zilizojaa vitabu pande zote mbili: karatasi inameza sauti vizuri kuliko ubao wa silingi bodi. Watoto wakae karibu na mlango wa kuingilia, wa mitihani wapelekwe mwisho kabisa. Watu hufanya kinyume, watoto wanafichwa nyuma, basi kila anayekwenda na kurudi anawavusha kelele katikati ya ukumbi.

Ratiba nayo ina siri. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Miezi hiyo na ule unaotangulia, kipindi cha hadithi kinahamia barazani au chini ya mti. Miezi mingine mchana ni wa watoto. Ukiibandika mlangoni kwa maandishi makubwa, malalamiko yanapungua sana, kwa sababu watu hukasirishwa zaidi na wasichokitarajia.

Jambo jingine, watoto wa kelele ndio wanaojua maktaba. Ninao wa darasa la tatu wanaokwenda wenyewe kwenye rafu namba 398.2 kuchukua hadithi za jadi na 912 kuchukua atlasi. Namba zile alizitoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na watoto wangu wanazitamka kama namba za jezi. Wa kidato cha sita anakuja na madaftari yake kwenye begi, anakalia kiti changu miezi mitatu, anaondoka hajagusa hata rafu moja. Simlaumu. Ila nikiandika taarifa ya vitabu vilivyoazimwa, anayenibeba ni mtoto.

Msuli Mnene

Hilo la madaftari limenipata. Kweli sikuwahi kuazima. Fomu ilitaka mdhamini na mimi sikuwa na wa kumwomba.

Mama Wawili, Mwanga

Jamani samahani, mimi naomba msaada zaidi ya ubishi.

Niko Kigoma, Mwanga. Nina watoto wawili, mkubwa yuko la tatu, mdogo la kwanza. Kuna mahali niliwapeleka kusoma, mtoto mkubwa akacheka kitu kwenye kitabu, tukatolewa. Sipataji. Mtoto alilia njiani, anauliza kosa lake nini, kitabu chenyewe kilikuwa cha kuchekesha. Nikawanunulia vitabu vichache, jioni wanasoma barazani, watoto wa majirani wakaanza kujazana.

Hapa kwetu mambo yamechanganyika. Wapo wa Kiha, wapo ambao nyumbani ni Kirundi, wapo waliotokea ng'ambo ya ziwa Kongo. Wa Kiha na wa Kirundi wanaelewana bila shida. Mmoja anasoma sentensi ya Kiswahili, wa pili anawaelezea wadogo kwa Kiha, wa Kirundi anamsahihisha, wanacheka, wanarudi kwenye kitabu. Juzi walikwama kwenye picha ya samaki, kitabu kinasema samaki tu, wao wanataka kujua ni mgebuka au kuhe, maana wanakwenda Kibirizi wanawaona. Nusu saa kwa picha moja! Ukurasa wenyewe una mstari mmoja.

Swali langu ni huyu mdogo. Hapendi. Anaingia chini ya meza na kitabu chake. Mkubwa anamvuta miguu. Nimwache au nimzoeshe?

Msuli Mnene

Dada, kabla hawajakujibu, nimalizie la kwangu, linamhusu huyo mdogo.

Mwaka 1975 New York ulichapishwa utafiti wa Arline Bronzaft na mwenzake. Shule iko jirani na reli ya juu, treni inapita kila dakika chache, mwalimu ananyamaza mpaka ipite. Wakalinganisha watoto wa madarasa ya upande wa reli na wa upande wa pili wa jengo lilelile. Wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa kusoma, darasa la sita karibu mwaka mzima. Baadaye wakatuliza reli kwa mipira na kuweka vizuia sauti darasani, tofauti ikaondoka. Nyie wa Tabora mnaojisifu kukulia stesheni, semeni na hapo.

Mtoto wa Isevya

Huo utafiti naukubali wote, na kwa hoja yangu ni mzuri.

Treni ya New York haikuwa inasema chochote. Ilikuwa inamkata mwalimu katikati ya sentensi, na mtoto hana neno la kuisimamisha. Kwenye mkeka wetu mtoto ana "bado". Kelele yote ya chumba kile ilikuwa inatoka kwenye kurasa na inarudi kwenye kurasa, na mdogo kuliko wote alikuwa na uwezo wa kuikamata ikasubiri. Isevya tulikuwa na treni pia, na redio tano, na cherehani, na sikujifunza kusoma kule. Kelele za korido zilinipeleka nyuma ya choo. Za maktaba zilinitoa nyuma ya rafu. Kwa hiyo mtu akiniambia "kelele ni mbaya kwa mtoto" namuuliza za nani, zinasema nini, na mtoto anaweza kuzijibu?

Na la fizikia yako nakubali, tena bila kinyongo. Wewe ulihitaji ukuta wa vitabu alioutaja Mkutubi, ukapewa silingi bodi.

Dada wa Mwanga, huyo wa chini ya meza ni mimi. Mwache hapo hapo. Mwambie mkubwa aache miguu ya mwenzake. Ila meza usiipeleke mbali na baraza, awe anasikia. Na kitabu wanachokipenda wakubwa, kisifichwe baada ya kusoma, kibaki mahali atakapokifikia mwenyewe wakilala.

Mkutubi Mtulivu

Naongezea kwa Mama Wawili. Kwa wa darasa la kwanza tafuta vyenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa na picha kubwa. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza mwaka 1991, vimechapishwa vingi vya Kiswahili vya ngazi hiyo, ulizia madukani na kwenye maktaba ya shule yake. Wakimaliza kimoja warudie kilekile, usiwakataze. Mtoto anayeomba kitabu alichokijua chote anasoma kwa uhakika, na uhakika ndio anaoutafuta.

Pia rudi maktaba, nenda kwa mkutubi kabla ya kuingia, muulize kipindi cha watoto ni saa ngapi na siku gani. Kama hakipo, omba kiwepo. Njoo na wazazi wengine wawili watatu. Mzazi mmoja akiomba ni ombi, wakiwa baraza zima inaandikwa kwenye taarifa.

Mama Wawili, Mwanga

Asanteni sana, nimepata. Meza naisogeza karibu na mlango leo leo. Na wazazi ninao, hapa barazani tu wametosha.

Mzee wa Urambo

Na huyo atakayeuliza mgebuka au kuhe mpeni nafasi amalize swali lake.

Msuli Mnene

Mimi sina neno tena. Ila Mkutubi, mwezi wa tano nakuomba sana. Nina mdogo wangu anarudia.